Jenereta ya shantie (mahali pa ujenzi) hapa Goma: nimeonyeshwa ya kVA 8.5 na ya kVA 6.5, nishike ipi?

Kapita_Keshero

Salamu wakubwa wa humu. Mimi ni kapita, msimamizi wa ujenzi, niko Goma, namjengea mteja nyumba ya ghorofa moja kule Keshero. Umeme bado haujafika kwenye parseli. Jirani mwenye kashpawa, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, alituvutia waya majuma mawili, kisha akaukata, na simlaumu. Kila meleze, yaani grainda, iliposhika chuma, taa za sebuleni kwake zilipepesa kama mshumaa penye upepo, na mtoto wake ana mtihani.

Mteja amekubali tununue grupe, au jenereta kama wanavyoiita ndugu wa Dar na Nairobi. Vitu vyangu ni hivi. Betonieri ya umeme, ile ya kuzungushia zege, mota yake kilowati 2.2, fezi moja. Nyundo ya umeme ya kuvunjia mawe, wati 1,700. Meleze kubwa ya kukatia nondo, wati 2,200, na ndogo wati 900. Vibreta ya zege wati 1,500. Pampu ya maji wati 750. Mashine ya kuchomelea vyuma, ile nyepesi ya elektroniki, imeandikwa ampea 200. Na taa mbili za mlinzi.

Nimejumlisha bila mashine ya kuchomelea nikapata wati 9,250. Mjini nimeonyeshwa mbili, zote za esansi (petroli). Moja kibandiko kinasema kVA 8.5 (hicho kipimo cha nguvu ya jenereta), fezi tatu. Nyingine kVA 6.5, fezi moja. Bei zinakaribiana. Muuzaji anasema kwa pesa ileile kwa nini nichukue ndogo? Mke wangu anasema nikodishe. Nyie mnasemaje?

Simba_wa_Birere

Chukua 8.5. Kubwa ni kubwa, mengine ni maneno.

Waya_Mwekundu

Simba, usimsukume mtu shimoni. Mimi ni fundi umeme, niko Bukavu, na kosa hilo nimelikuta kwenye shantie nyingi kiasi kwamba siku hizi nauliza fezi kabla ya kusalimia.

Kapita, kVA 8.5 ya fezi tatu ni jumla ya fezi zote tatu, yaani nyaya zake tatu za umeme. Kila fezi peke yake inabeba theluthi, yaani kama kVA 2.8. Vifaa vyako vyote ni vya fezi moja, volti 220. Ukichomeka betonieri kwenye ile soketi ya kawaida, unatumia theluthi ya mashine uliyoilipia nzima. Kuna jenereta zenye swichi ya kuhamisha nguvu yote kwenda fezi moja, lakini lazima uione swichi hiyo kwa macho yako, si kwa mdomo wa muuzaji. Halafu ukipakia fezi moja sana na nyingine mbili ukaziacha tupu, volti zinapotoka: nzito inazama, nyepesi zinapanda juu, na hapo ndipo chaja na taa zinapoungua bila sababu unayoiona.

Jambo la pili, hesabu yako ya 9,250. Kwani mko wangapi hapo? Nani anavunja mawe, anakata nondo, anatikisa zege, anavuta maji na kuzungusha betonieri kwa dakika moja? Usijumlishe vitu ulivyo navyo. Jumlisha vinavyofanya kazi pamoja.

La tatu ndilo linalokula watu. Meleze, nyundo na vibreta nyingi ni mota za brashi. Zikiwaka zinaruka mara moja na nusu au mbili, kisha zinatulia. Pampu na betonieri yako ni mota za kapasita. Hizo zikianza zinavuta mara nne mpaka sita ya zinavyovuta zikishazunguka. Betonieri ya kilowati 2.2 ikizunguka inavuta kama ampea 14. Wakati wa kuamka inaweza kutaka 60. Zidisha kwa volti 220 uone: kVA 13, kwa sekunde moja au mbili. Na kama kijana ameizima pipa likiwa limejaa zege halafu anaiwasha tena, hata hiyo sekunde haiishi.

Kapita_Keshero

Aksanti sana yaya, mkubwa wangu. Sasa umenivunja moyo. Kwa hesabu hiyo hata 6.5 haitoshi, nitafute ya kVA 15?

Waya_Mwekundu

Ukiipata ya esansi ya kVA 15 ambayo watu wawili wanaweza kuinyanyua, nipigie nije kuiona.

MamaShantie

Kapita mwanangu, nimesoma polepole. Mimi nakodisha vifaa vya ujenzi hapa Goma tangu nyumba zilipoanza kuota tena juu ya lava ya 2002. Nikwambie neno moja kabla hawa wanaume hawajakujazia tarakimu: toa betonieri kwenye hesabu.

Shantie yako ni ya miezi mingapi? Tuseme mitano. Betonieri utaiwasha siku za fondasyo, siku za nguzo, siku ya dale, lile zege la sakafu ya ghorofa. Ukizikusanya hazifiki hata siku kumi. Nyundo na meleze ni kila siku. Sasa kifaa cha siku kumi ndicho kikuchagulie mashine ya kuilisha esansi miezi mitano?

Betonieri zenye injini yake mwenyewe ziko tele hapa mjini. Unaikodi siku ya kumwaga, inakuja kwa gari asubuhi, jioni inaondoka. Haikuombi waya. Na siku ya dale, ambayo huwezi kusimama katikati, jenereta ikizima zege linaendelea. Hilo peke yake lingetosha. Nimeona dale iliyounganishwa kesho yake kwa sababu mashine moja ilikuwa inabeba kila kitu na ikagoma saa nane mchana. Mwenye nyumba ile anaweka beseni sebuleni kila mvua mpaka leo.

Kapita_Keshero

Mama, betonieri nimeshainunua kwa pesa yangu. Ndiyo maana naumia.

MamaShantie

Pesa iliyokwenda imekwenda, usiitume nyingine kuifuata. Iuze, au mpe fundi aifungie injini.

Msasani_Mjenzi

Wakuu, niko Dar. Mimi nina jenereta ya kVA 6.5 fezi moja na nachomelea mageti nayo mwaka wa pili huu, mashine ya kuchomelea na grainda pamoja, haijawahi kulalamika. Naona mnamtisha tu jamaa.

Papa_Buji

Miye ni mekanisie, natengeneza magrupe na pikipiki hapa Goma. Kijana wa Dar, wewe uko baharini. Sisi tuko kama mita 1,500 juu yake. Huku hewa ni nyepesi, na injini ya esansi inakula hewa zaidi ya inavyokula mafuta. Kila mita 300 unazopanda inapoteza karibu asilimia tatu na nusu ya nguvu. Piga mara tano. Ukifika Goma umeshaacha njiani asilimia 17 hivi. Grupe yako ileile ukiileta hapa na mashine yako ileile ya kuchomelea, itakohoa, na utasema mekanisie wa Goma hawajui kazi.

Tena siyo nguvu tu. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya baharini, huku inamwaga esansi nyingi kuliko hewa. Fungua buji, ile plagi ya cheche, uitazame: ikiwa nyeusi kama sufuria ya makala, unakunywesha injini mafuta isiyoyachoma. Kuna jeti ndogo ya kabureta kwa ajili ya milimani, haina bei kubwa, wachache wanaiulizia.

Sasa Kapita, nisikilize juu ya vibandiko. Usisome kVA. Piga magoti, tafuta cc za injini. Grupe zetu za hezi 50 zinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo injini ya cc 390 mpaka 420 inatoa kama kilowati 5 za kudumu, na kidogo juu yake za kushtukia. Ile ndogo ya cc 160 na kitu inatoa 2 au kidogo zaidi. Hakuna kibandiko kitakachobadilisha ukubwa wa silinda. Rudi dukani uniambie cc za zote mbili.

Msasani_Mjenzi

Aisee mzee, hilo la mwinuko sikulijua kabisa. Nimenyamaza.

Kapita_Keshero

Nimerudi dukani leo. Papa Buji, sijui nicheke au nilie. Ile ya "8.5" ni cc 420. Ile ya "6.5" ni cc 389. Nimemuuliza muuzaji tofauti ya cc 31 inazaaje kVA 2, akaniambia ni teknolojia mpya.

Papa_Buji

Teknolojia ya kalamu.

Katuba_Mazutu

Salamu kutoka Lubumbashi. Naona kila mtu anaongea esansi tu. Kwa nini asichukue ya mazutu (dizeli)? Kwa kilowati ileile inakunywa kidogo, inadumu, haina buji wala kabureta. Kama akipata ile ya mizunguko 1,500, ataiachia wajukuu.

MamaShantie

Ni kweli, na kwa mtu mwenye shantie kubwa ya saa kumi kila siku, mahali pamoja, ningemwambia hivyohivyo. Lakini Kapita analala na mashine yake nyumbani, anaileta asubuhi. Ya esansi ya cc 390 ina kilo 80 au 90: vijana wawili, au chukudu moja (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili) na barabara ya kuteremka. Ya mazutu ya nguvu sawa inapita kilo 100, na yenye sanduku la kupunguza kelele ndiyo kabisa. Ile ya mizunguko 1,500 haibebwi, inahamishwa. Halafu majirani wa Keshero, mwanangu, mazutu ndogo ya kupozwa kwa hewa inapiga kelele kama ndege ya mizigo.

Na kama ni chukudu: mashine isimame wima, ifungwe kamba, tangi liwe tupu. Ukiilaza, oili inapanda kwenye silinda, kesho ukiwasha inatoa moshi mweupe na kila mtu anadhani umeuziwa mbovu.

Waya_Mwekundu

Tuendelee na hesabu bila betonieri, maana Mama amesema kweli na mimi ningepaswa kulisema kabla ya zile ampea 60.

Chukua jenereta ya kilowati 5 za kudumu, za kudumu kweli. Toa asilimia 17 ya Goma, unabaki na 4.1 na ushee. Usiikamue yote siku nzima. Ukiishi kwenye 3.3 hivi itakuzika wewe kabla hujaizika.

Siku ya kuchimba: nyundo 1,700 na meleze ndogo 900. Jumla 2,600. Inakaa.

Siku ya zege: vibreta 1,500 na pampu 750. Pampu ndiyo ya kapasita, kwa hiyo washa pampu kwanza ikiwa peke yake, iruke inavyotaka, ikitulia ndipo vibreta. Kinyume chake, unaomba matatizo.

Siku ya kukata nondo: meleze kubwa peke yake, ikiwezekana na taa tu.

Kuchomelea ndiko kunakodanganya. Hizo ampea 200 za kibandiko zisahau. Bageti (fimbo za kuchomelea) za milimita 2.5 unachomelea kwa ampea 80 hivi, volti za moto wake ni kama 23, kwa hiyo zinatoka wati 1,850 na zinaingia kama 2,200. Lakini mashine hizi za elektroniki zinavuta umeme kwa mikato mikato, si kwa utulivu, na jenereta inauhisi mzigo huo kama kVA 3. Ukipanda kwenye bageti za 3.2, ampea 120, unagusa kVA 5. Hapa Kivu hiyo jenereta haitakubebea kwa furaha. Kwa hiyo: 2.5, kazi moja, vingine vyote vimezimwa. Kwa geti na grili za madirisha inatosha sana.

Simba_wa_Birere

Na kama nataka kuchomelea na 3.2?

Waya_Mwekundu

Nunua chuma chembamba.

Kapita_Keshero

Haya nimeanza kuelewa. Swali lingine. Nitajuaje dukani kama mashine inasema kweli? Muuzaji anawasha, inanguruma, anachomeka taa, taa inawaka, anasema "unaona?"

Papa_Buji

Taa ya wati 10 hata dinamo ya baiskeli inaiwasha.

Nenda na reshoo mbili za umeme za kupikia, zile za wati 2,000. Reshoo haina mota, haidanganyi, inakula wati zake zote. Chukua multimeta yenye kusoma hezi. Washa grupe, iache ipate moto dakika tano. Bila mzigo inatakiwa kuwa kwenye volti 230 hivi na hezi 51 au 52. Chomeka reshoo ya kwanza, soma. Chomeka ya pili, soma tena, uache robo saa. Hezi zikishuka chini ya 48 au volti chini ya 205, injini imechoka. Hezi zikisimama vizuri lakini volti zinaanguka, tatizo ni upande wa umeme, regulateri au koili. Muuzaji akikataa jaribio, amekujibu.

Kuhusu koili: uliza kama ni shaba au aluminiamu. Atasema shaba. Basi inyanyue upande mmoja. Aluminiamu ni nyepesi karibu mara tatu kuliko shaba, na grupe mbili za cc sawa zikitofautiana kilo kumi na kitu, hizo kilo zimetoka mahali.

Tena angalia isiwe ya hezi 60, volti 120. Zinakuja zilizotumika kutoka mbali, zinauzwa rahisi, na kuna wanaochezea gavana ya injini ili kupata volti. Unapata volti, unaharibu hezi, unaua mota za watu.

Mwanafunzi_Ujenzi

Samahani wakubwa, gavana ni nini?

Papa_Buji

Ile springi na mkono vinavyoiambia kabureta ifungue zaidi mzigo ukiongezeka. Wakati unachomeka reshoo unasikia injini inavuta pumzi, halafu inarudi. Hiyo ndiyo gavana inafanya kazi. Usiguse skrubu yake kama huna multimeta mkononi.

Kapita_Keshero

Nimefanya. Nimetembea katikati ya mji na reshoo mbili mkononi kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

Ile ya 8.5: reshoo ya kwanza, sawa. Ya pili kwenye soketi ileile, tak! disjonkteri, ile swichi ya kujikata, imeanguka. Nimejaribu mara tatu. Theluthi ya Waya_Mwekundu nimeiona kwa macho. Muuzaji akasema nichomeke ya pili "upande mwingine". Upande mwingine ni soketi kubwa nyekundu ya fezi tatu.

Ile ya 6.5: bila mzigo volti 232, hezi 52. Reshoo moja, 228 na 51. Mbili, 219 na 49, na ikakaa hivyo robo saa. Nikaongeza meleze ndogo juu ya reshoo zote mbili, ikaguna, ikashuka mpaka 205 na 47. Nikazima. Kibao chake cha chuma, si kile kibandiko cha rangi, kinasema kilowati 5.0 za kudumu.

Nimeinunua. Kilo 84.

MamaShantie

Sasa ndiyo kazi inaanza. Ralonji yako, huo waya wa kurefushia, ni ya unene gani?

Kapita_Keshero

Ni ya milimita 1.5, mita 50, iko kwenye gurudumu lake. Kwa nini?

Waya_Mwekundu

Mama amegusa. Mita 50 ni mita 100 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba hiyo ni kama omu 1.2. Nyundo na meleze zikivuta ampea 12 kwa pamoja unapoteza volti 14 njiani. Sasa pampu ikiruka ampea 20 za kuamka, unapoteza 24 kwa mkupuo, juu ya zile jenereta yenyewe ilizoangusha. Mota inashindwa kuamka, inanguruma, inapata moto. Watu wanasema jenereta ni dhaifu kumbe waya ndio dhaifu. Nunua 2.5, na usogeze jenereta karibu na kazi badala ya kurefusha waya. Na kunjua gurudumu lote. Waya uliozungushwa unajipika wenyewe, nimeona plastiki imeyeyuka ikawa donge moja.

Kuna suala la ardhi pia. Kule Keshero mko juu ya jiwe, kigingi cha ardhi hakiingii, na hata kikiingia jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri. Wengi wanafunga disjonkteri ya milliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, na kulala usingizi. Kwenye jenereta nyingi ndogo waya wa nyutro haujafungwa kwenye fremu, kwa hiyo disjonkteri hiyo inaweza isione hitilafu yoyote hata mtu akipigwa. Mwite fundi umeme aunganishe nyutro na fremu, aiweke disjonkteri mbele ya soketi zote, na aipime kwa kifaa, siyo kwa kile kitufe tu. Vijana wanavunja mawe wakiwa wamesimama kwenye maji ya mvua. Hili usilifanyie akiba.

Kapita_Keshero

Sawa yaya, nitafanya. Jambo moja la mlinzi: anaogopa wezi na mvua, anataka usiku tuiingize kwenye chumba cha chini ambacho tayari kina dale, iwashe taa kutokea humo. Mlango tunaweka bati.

MamaShantie

HAPANA.

Kapita, wewe ni mtoto wa Goma au umeletwa? Mazuku unayajua? Mbuzi anaingia bondeni asubuhi na hatoki, na mchungaji anayemfuata hatoki. Basi unataka kutengeneza mazuku ndani ya nyumba ya mteja.

Papa_Buji

Mama amesema vizuri, tena ya grupe ni mbaya zaidi. Mazuku ni kaboni daioksaidi, nzito kuliko hewa, inalala mashimoni, mutu akisimama juu anaweza kuepuka. Moshi wa grupe una kaboni monoksaidi, hiyo hailali chini, inajaa chumba mpaka darini, haina harufu, na inakamata damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, basi. Dirisha lililo wazi halitoshi. Mashine ikae nje, mbali na milango, egzosi itazame upande upepo unakokwenda. Kwa mvua weka bati juu ya nguzo nne, pande zote wazi. Kwa wezi, mnyororo kwenye nondo iliyozikwa katika zege.

Na lile shimo la fosi (la choo) mnalochimba: msiiweke mdomoni mwa shimo eti kwa sababu nyundo iko chini. Kijana yuko ndani anavunja jiwe, moshi unamshukia.

Kapita_Keshero

Nimeelewa. Itabaki nje. Mlinzi nimempa tochi ya sola.

Katuba_Mazutu

Tochi ya sola. Na mimi niliyependekeza mazutu mkanicheka.

Kapita_Keshero

Narudi baada ya majuma matatu, nawaletea habari.

Siku ya nne ilizima yenyewe. Nikawasha, ikafanya kazi dakika mbili, ikazima. Nikabadilisha buji, nikasafisha filta, nikamwaga esansi nikidhani kadafi, muuza esansi wa barabarani, kanichanganyia maji. Nusu siku imepotea. Papa Buji nikampigia, akaniuliza swali moja tu: imekaa sawa?

Papa_Buji

Nilijua. Kwenye mawe ya lava hakuna mahali palipo sawa. Chini ya injini kuna kihisi cha oili, na grupe ikiinama kihisi kinadhani oili imekwisha, kinaua moto ili kuokoa injini. Watu wa hapa wanakikata waya. Usikikate. Mwagia kidale kidogo, sentimita 80 kwa 60, pima na livelo, iweke hapo.

Kapita_Keshero

Nimemwaga, haijazima tena. Oili ya kwanza nimeibadilisha baada ya saa 20 kama mlivyoniambia, ilitoka na unga wa chuma unaong'aa. Nyingine kila saa 50 kwa sababu ya vumbi. Filta ya hewa, ile ya sponji, naiosha kila Jumamosi kwa sabuni, naikausha, naipaka oili kidogo. Vumbi la jiwe la hapa linakwaruza kama msasa. Na esansi naipitisha kwenye kitambaa siku zote, awe kadafi au kituo.

Inakunywa kama lita 2 kwa saa tukifanya kazi kweli. Lakini juma la pili nikaona inakunywa hata saa ya chakula. Nikachunguza. Kijana wangu mmoja alikuwa na ubao wa soketi nyuma ya rundo la changarawe, simu kama thelathini za mtaa mzima, anachaji kwa franka. Kumbe kila saa sita mchana mashine ya kilowati 5 ilikuwa inalisha simu, na mashine kubwa hata ikibeba kitu kidogo bado inakunywa karibu lita kwa saa. Nikataka kumfukuza. Mke wangu akacheka, akasema angalau yeye amepiga hesabu ya kilichochomekwa.

Dale tuliimwaga Jumanne iliyopita na betonieri ya injini kutoka kwa mkodishaji. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, hatukusimama. Jenereta ilibeba vibreta na pampu tu. Mama, umesikia?

MamaShantie

Nimesikia. Ile betonieri yako ya umeme iko wapi?

Kapita_Keshero

Iko uani, nimeifunika turubai. Inauzwa. Mota kilowati 2.2, fezi moja, haijafikisha hata mwaka. Mwenye kashpawa na waya mzito aje.

Simba_wa_Birere

Bei gani?

Kapita_Keshero

Una umeme wa wapi, Simba?

Simba_wa_Birere

Nina grupe. Nimepata moja juzi kwa bei nzuri, fezi tatu, kVA 8.5.